Unatafiti utamaduni na siasa Iringa? Anza na sherehe

Wadogo zangu wa historia mnaonitumia meseji kuuliza utafiti wa utamaduni na siasa unaanzia wapi, mi nawaambia hivi, ukifika kijijini usimuulize mzee habari za siasa moja kwa moja, atakujibu kama yuko mkutano wa hadhara alafu basi. Muulize sherehe. Ng'ombe alitoa nani, nani alikaa mbele, ukoo gani haukualikwa, na hapo siasa anaitaja mwenyewe.

Chukua sherehe ya kurudishwa fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wakaondoka na fuvu lake. Wengi wanaishia vita vya Lugalo 1891, alipowapiga Wajerumani, na kifo chake 1898, na kweli ni historia kubwa mno, ila angalia fuvu lilirudi lini Kalenga, kijiji chake karibu na Iringa mjini: 19 Juni 1954. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulishaitaka Ujerumani ilirudishe, ikapita zaidi ya miaka 30 kimya, alafu Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, mwenyewe akaenda kulitafuta Bremen, Ujerumani, akaja kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati. Kwa nini wakati ule? Kenya hapo jirani vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza vinawaka, na huku kwetu hata wiki tatu hazijaisha TANU, chama cha kudai uhuru, ikazaliwa, 7 Julai. Sisemi hili lilizaa lile. Nasema mtawala akianza ghafla kuheshimu mila zenu, jiulize anatafuta nini.

Na sio mkoloni peke yake jamani. 1962 Nyerere akaunda wizara ya utamaduni, 1963 uchifu ukafutwa, yaani ngoma inaitwa ikawe ya taifa huku chifu aliyekuwa anachezewa ngoma hiyo anavuliwa madaraka, na Adam Sapi huyo huyo kashakuwa Spika wa Bunge! Mi hapa ndo naona kuna tasnifu nzima na inaniuma watu wanapita tu.

Kibali cha utafiti fuatilia mapema, na barua ipite wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kalenga makumbusho nenda, makumbusho ya Boma pale Iringa mjini nenda, ila soma kwanza mafaili ya wilaya kule Nyaraka za Taifa Dar, manake faili linakuonyesha serikali ilipanga nini siku ile na wazee wanakuambia kilichotokea, na pale vinapogongana ndo uchimbe. Kama unaweza nenda masika, barabara za Kilolo tope tupu lakini ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa na wazee wanakaa pamoja, mmoja akisahau jina mwenzie anamkumbusha, wakibishana we waache wabishane, andika pande zote mbili.