Viza imekataliwa, chuo cha Ujerumani bado kinadai ada

SWALI: Wakili, habari za kazi. Binti yangu alipata nafasi kwenye chuo binafsi Berlin. Tulilipa euro 5,500 za muhula wa kwanza kupitia akaunti ya wakala wetu wa hapa Arusha. Mwezi Machi ubalozi ukamnyima viza. Wakala anasema tutulie, barua ya ubalozi imeshavunja mkataba, yeye anafuatilia rufaa ubalozini na ikishindikana ada itarudi yenyewe. Juzi chuo kimetuletea ankara ya muhula wa pili. Tufanyeje? – Mama mzazi, Arusha

JIBU: Pole sana mama. Ankara hiyo haijakosewa. Kwenye vitabu vya chuo binti yako bado ni mwanafunzi, maana hakuna aliyewaandikia vinginevyo.

Hii habari ya barua ya ubalozi kuvunja mkataba naisikia kila mara, na kila mara inatoka kwa wakala. Ubalozi haumo kwenye mkataba wenu. Waliosaini ni binti yako na chuo. Kunyimwa viza kunampa binti sababu ya kuuvunja, basi. Kuuvunja ni mpaka mtu aandike. Vyuo binafsi vingi huko huweka kipengele cha viza: ukileta barua ya kukataliwa ndani ya siku zilizotajwa, unarudishiwa ada kasoro makato ya usajili. Siku zikipita mmekaa kimya, chuo kinashika hapohapo.

Kwa hiyo leo hii binti mwenyewe, si wewe wala wakala, aandike barua pepe kwa chuo: nimenyimwa viza, navunja mkataba kuanzia leo, naomba ada yangu irudishwe. Aambatanishe kurasa zote za barua ya ubalozi, hasa ule wa sababu ambao watu wanauficha kwa aibu, na risiti ya benki. Humohumo aikatae ankara ya muhula wa pili. Wakimjibu kwamba wanataka barua ya posta yenye saini ya wino, awakumbushe kifungu cha 309 namba 13 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, BGB: tangu Oktoba 2016, masharti ambayo chuo kimeyaandaa chenyewe hayawezi kumdai mteja wa kawaida zaidi ya ujumbe wa maandishi. Barua pepe inatosha.

Tazameni pia mkataba ulifungwa lini. Chini ya sheria hiyo, mkataba uliofungwa kwa mtandao unaweza kughairiwa ndani ya siku 14 bila sababu yoyote. Kama chuo hakikuwaeleza haki hiyo ipasavyo, muda unasogea hadi miezi 12 na siku 14. Someni kurasa za mwisho, zile zenye maandishi madogo.

Sasa hiyo rufaa. Muulize wakala, rufaa gani? Utaratibu wa kuuomba ubalozi wa Ujerumani upitie upya uamuzi wake ulifutwa dunia nzima tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba viza upya au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja tangu kupewa uamuzi. Mtu anayekutoza hela leo kwa rufaa ya ubalozini anakuuzia mlango ulioshazibwa kwa tofali.

Na jiulizeni kwa nini anataka mtulie. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo kutokana na ada yenu. Ada ikirudi, kamisheni nayo iko hatarini. Ndiyo maana wengine wanaharakisha kumsainisha mtoto fomu ya kuahirisha mpaka muhula ujao. Inaonekana kama msaada, kumbe mara nyingi ukishaahirisha, chuo kinasema kipengele cha viza hakikuhusu tena. Msisaini.

Linalonipa wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni akaunti. Chuo kwa kawaida hurudisha pesa kule zilikotoka, na zenu zimetoka kwa wakala. Pateni kwake uthibitisho wa maandishi kwamba hela ni zenu, muutume chuoni pamoja na namba ya akaunti ya familia. Akigoma kuandika, mmeshajua mnashughulika na nani, na nakala ya malipo yenu kwake iwe tayari kwa polisi.

Chuo kikikaa kimya, mtu anayeishi nje ya Ujerumani anaomba amri ya malipo kwenye Mahakama ya Wedding, Berlin. Mahakama haichunguzi madai kwanza. Inakitumia chuo amri, nacho kina wiki mbili za kupinga. Kikipinga, inakuwa kesi ya kawaida. Waliokata tamaa wajue pia kwamba madai ya namna hii hufa baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka yalipozaliwa. Ya 2024 yako hai mpaka mwisho wa 2027.

Zile euro 11,904 za kujikimu kwenye Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa ambamo mwombaji viza huweka pesa za kujikimu, ni habari nyingine kabisa. Zinadaiwa kwa kampuni inayoshika akaunti, kwa barua ileile ya ubalozi, na chuo hakihusiki.

Kuna kundi moja linaloniandikia kwa machozi: wakala aliwatengenezea taarifa ya benki au cheti, ubalozi ukagundua, na sababu ya kukataliwa ikaandikwa ni nyaraka za kughushi. Vipengele vya viza kwa kawaida huwatoa watu hao nje, na wakala aliyezitengeneza hapokei tena simu.