Kitufe cha A Kimegoma na Kipakatalishi Bado Kipya

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Nairobi. Majuma matatu yaliyopita nilinunua kipakatalishi kipya katika duka moja la katikati ya jiji kwa shilingi 68,000, fedha ambazo nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo kwenye chama kwa zaidi ya mwaka. Nilipewa risiti na kadi ya waranti ya mwaka 1. Wiki ya pili kitufe cha herufi A kikaanza kugoma. Nikikibonyeza katikati hakiandiki kitu; nikikibonyeza kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto, kinaandika; na mara nyingine kinaandika herufi mbili kwa mpigo. Nilirudi dukani, na kijana wa mauzo akaniambia kwamba hilo ni vumbi na kwamba waranti haihusu vumbi. Kisha akaninyoshea kidole bango la ukutani linalosema kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenzangu wa ofisini ananishauri nikipeleke kwa fundi wa Luthuli Avenue, aking'oe kitufe na kukisafisha kwa shilingi 500, nami niendelee na kazi, kwa sababu mtihani wa kidato cha tatu unangojewa. Je, nifuate ushauri huo, au nina haki ya kudai kipakatalishi kingine?

Mwalimu, Umoja

JIBU

Mwalimu, pole sana, hasa kwa kuwa kilichogoma ni A. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuishi miezi bila kitufe cha Q wala X, lakini bila A hana lugha: andika neno moja tu kama "watakapokutana" na utaona kwamba A zimo tano, na zikitoka kinachobaki ni "wtkpokutn". Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni kasoro ndogo. Kwa kazi yako, kipakatalishi hicho hakifanyi kile ulichokinunulia.

Ushauri wangu ni kwamba usikipeleke kwa fundi kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wa Luthuli, ambao wengi wao wameokoa mashine ambazo maduka makubwa yalikuwa yamezikatia tamaa, bali kwa sababu ya kile kilicho chini ya kitufe chenyewe. Kifuniko unachokigusa kwa kidole kimeshikwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, vyenye vindoano vyembamba kuliko njiti ya kibiriti. Chini yake kuna kikombe kidogo cha mpira kinachorudisha kitufe juu. Na chini ya mpira huo kuna karatasi za plastiki zilizochorwa nyaya ambazo zikigusana ndipo herufi huandikwa. Kindoano kimoja kikikatika wakati wa kung'oa, kitufe hakitakaa sawa tena. Isitoshe, katika vipakatalishi vingi vya siku hizi kibodi imeshikizwa kwenye bamba la juu kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa, hivyo kubadilisha kitufe kimoja kunaweza kuishia katika kubadilisha kibodi nzima pamoja na bamba lake. Leo kosa ni la aliyekuuzia. Siku ambayo kindoano kitakatika mikononi mwa fundi uliyemlipa wewe, kosa litakuwa lako, na duka litakuwa na haki ya kusema kwamba kifaa kilifunguliwa.

Kabla ya kurudi dukani, thibitisha kwamba kasoro iko kwenye kitufe na si kwenye programu, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Azima kibodi ya nje yenye waya wa USB kutoka chumba cha kompyuta cha shule, uichomeke, kisha uandike A mara nyingi. Baada ya hapo fungua kibodi ya kwenye skrini, ambayo katika Windows hufunguka kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na O, na uiguse A kwa kipanya. Ikiwa A inaandika vizuri katika njia zote mbili, programu haina hatia. Windows ina mpangilio wa kuwasaidia watu wenye mikono inayotetemeka, ambao hupuuza mibonyezo mifupi na huweza kuwaka kwa bahati mbaya mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Lakini mpangilio huo huathiri vitufe vyote, haumchagui A peke yake. Angalia pia majirani wa A. Vitufe vimeunganishwa kwa nyaya za safu za kulala na za kusimama, kwa hiyo vikifa kadhaa kwa pamoja hushukiwa waya au utepe unaoiunganisha kibodi na mashine. Kikigoma kimoja tu, tena kikawa kinakubali pembeni na kukataa katikati kama chako, tatizo liko papo hapo chini yake: mpira uliokaa upande, mkasi usioshika vizuri, au chembe ya uchafu.

Na hata ikiwa ni chembe ya uchafu, hoja ya yule kijana haisimami. Ukitaka, zima mashine, iinamishe, na upulize kitufe kwa kopo la hewa iliyoshindiliwa. Apple, kwa mfano, hushauri kompyuta yake ishikwe kwa pembe ya nyuzi 75 na hewa ipulizwe kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Usipulize kwa mdomo, maana utapeleka mate mahali pasipotakiwa unyevu. Lakini kifaa kinachouzwa Nairobi, jiji ambalo kila mtaa una jengo linalopanda na lori la mchanga linalopita, hakipaswi kushindwa na vumbi la wiki 2 mezani pa mwalimu. Suala hili limewahi kuwabana wakubwa kuliko duka lako. Kuanzia mwaka 2015 Apple iliweka katika baadhi ya vipakatalishi vyake vya MacBook kibodi nyembamba ambayo watumiaji walilalamika kwamba vitufe vyake vilikwama au kurudia herufi, kama unavyosema A yako inavyofanya. Mwezi Juni 2018 kampuni hiyo ikatangaza kwamba ingezitengeneza bure kibodi zilizoathirika kwa miaka 4 tangu siku ya kununuliwa, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa huko Marekani. Mwishowe wale wateja hawakuachiwa mzigo peke yao.

Sasa tuje kwenye bango. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno hilo, na inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuifuta ahadi hiyo. Maandishi ya ukutani, hata yawe na herufi kubwa kiasi gani, hayaishindi sheria. Bango hilo lina nguvu kwa mteja aliyebadilisha nia au aliyeichoka rangi ya kifaa. Halina nguvu kwa mteja aliyeuziwa kifaa kibovu.

Hata hivyo, sitaki uende dukani ukiwa na imani kupita kiasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31, inamruhusu mnunuzi kukikataa kifaa kibovu, lakini akikaa nacho kwa muda unaopita kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba amekikataa, huhesabiwa kuwa amekikubali, na hapo hubaki na madai ya fidia au matengenezo tu. Ndiyo maana ninakuhimiza uende wiki hii, usingoje likizo. Na kwa kuwa mara ya kwanza ulizungumza tu kwa mdomo, safari hii andika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tarehe ya kununua, namba ya kifaa iliyo chini ya mashine, siku kasoro ilipoanza, siku uliporudi dukani na jibu ulilopewa, na sentensi inayosema wazi kwamba unakikataa kifaa na unataka kingine au fedha zako. Ambatanisha nakala ya risiti na ujumbe wa M-Pesa ikiwa ulilipa kwa simu, waachie nakala moja, na yako igongwe muhuri au itiwe sahihi. Kisha rekodi video fupi kwa simu ukianza na namba ya kifaa, halafu ukiandika "watakapokutana" mara 10 bila kukata. Meneja anayebishana na maneno huwa mpole mbele ya video.

Wakikupa kingine, suala limekwisha. Wakishikilia kutengeneza, si jambo baya sana ikiwa kazi itafanywa katika kituo kinachotambuliwa na mtengenezaji, ukapewa karatasi inayoonyesha tarehe ya kupokea na kasoro iliyoandikwa. Wakikataa yote, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia masuala ya watumiaji, au kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu huweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.

Imebaki kazi yako ya mtihani. Microsoft hutoa bure programu inayoitwa PowerToys, na ndani yake mna sehemu ya kuhamisha vitufe: iamuru Caps Lock iandike A. Caps Lock iko ubavuni mwa A, kwa hiyo kidole chako kidogo cha kushoto kitasogea sentimita 2 hivi na baada ya saa moja utakuwa umesahau. Ikiwa nenosiri lako lina A, kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza alama ya usaidizi iliyo chini kulia na ufungue kibodi ya skrini. Ondoa mpangilio huo wa Caps Lock kabla ya kukirudisha kifaa, wasije wakadai umeivuruga mashine. Na tafadhali, Mwalimu, mtihani wenyewe uhamishe kwenye flashi na uufute humo kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mashine, na ujiondoe (log out) katika akaunti zako zote. Mtihani wa kidato cha tatu ukianza kusambaa WhatsApp kutoka kaunta ya duka, hakuna waranti itakayokusaidia.

SWALI

Ninatarajia kununua kipakatalishi mwisho wa mwezi. Nifanye nini nisipatwe na tatizo la vitufe?

Mwanafunzi, Kahawa West

JIBU

Kijaribu kabla ya kulipa, tena ukiwa umesimama hapo hapo kaunta. Omba kiwashwe, fungua programu ya kuandikia, na ubonyeze kila kitufe katikati na kwenye pembe zake, ukianza na vile ambavyo sisi hatuvigusi: Q, X, mishale, na safu ya juu kabisa. Ubovu wa vitufe hivyo ndio hugunduliwa mwezi wa 13, waranti ikiwa imeisha. Muuzaji akikuambia kwamba sanduku halifunguliwi kabla ya malipo, mwambie basi aandike kwenye risiti kwamba kifaa kikiwa na kasoro kitabadilishwa ndani ya siku 7. Angalia pia namba ya kifaa kwenye tovuti ya mtengenezaji, ambako utaona waranti ilianza lini. Kama ilianza miaka miwili iliyopita, huenda unauziwa kilichotumika ng'ambo kikang'arishwa. Alama ya pauni ya Uingereza juu ya namba 3 ni dokezo, ingawa haitoshi peke yake, kwa sababu vipo vipya vinavyoletwa huku vikiwa na kibodi ya mpangilio huo. Tarehe ya waranti ndiyo ya kuamini.