Kipokezi yatima kinavyoweza kuimaliza homoni kabla haijafika

Umeuliza vipi kipokezi yatima, yaani protini ya seli ya aina inayoshika homoni lakini homoni yake haijajulikana, kinaweza kuvuruga kazi ya homoni nyingine. Mimi hilo nililikuta dukani kabla ya kulisoma.

Nauza dawa Malindi, upande wa Shela. Dada mmoja alinijia na kipimo cha mimba, mistari miwili. "Kaka, vidonge vya kuzuia mimba sikuruka hata siku moja. Umeniuzia vibovu?" Nikatazama tarehe, vizima. Unatumia dawa nyingine? Akashusha sauti: mwezi wa tatu wa dawa za TB. Siku ya kwanza sikumuuliza. Kosa langu hilo.

Dawa zile zina rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Ikiingia seli za ini hushikwa na PXR, kipokezi kilichotambuliwa 1998 na kilichoitwa yatima mpaka vilipojulikana vinavyokiamsha. PXR hujiunga na mwenzake RXR, vikakaa juu ya DNA na kuagiza kimeng'enya CYP3A4, protini inayovunja dawa, kwa wingi. Kimeng'enya hicho huivunjavunja homoni ya vidonge, estrojeni ikiwemo. Kipokezi cha estrojeni chenyewe hakikuguswa. Kinamngoja mgeni aliyeishia njiani. Ndiyo sababu sasa mtu wa namna hiyo namwelekeza kwenye sindano ya miezi mitatu au koili ya shaba, na tahadhari iendelee wiki nne baada ya rifampisini kwisha, maana ini halitulii siku ileile.

Vipokezi yatima vingine havisababishi homoni ivunjwe, hukalia kiti cha kipokezi chake. ERR alfa, cha 1988, kinafanana na kipokezi cha estrojeni lakini estrojeni hakiishiki. Hukaa kwenye baadhi ya sehemu zilezile za DNA na kufanya kazi bila kungoja homoni. Ni kama mtu aliyekuta baraza tupu akajikalia, mwenyewe akija asimame. SHP hata DNA hakiishiki: hujibana kwenye kipokezi kingine, pale protini saidizi zingekishika kifanye kazi.

Kipokezi yatima DAX-1 ndicho kilichonishangaza. Hukizuia SF-1, kipokezi kinachowasha jeni za kutengeneza steroidi, homoni kama kortisoli. Ungedhani mtoto wa kiume aliyekosa DAX-1 atafurika steroidi. Kumbe tezi zake za adrenali, zile za juu ya figo zinazotengeneza kortisoli, hazikui sawasawa na kortisoli humpungukia.

Yule dada alijifungua salama. Siku hizi kila anunuaye vidonge namuuliza kwanza rangi ya mkojo wake, na wengi hunicheka.