Safari ndefu ya baiskeli kwenye tambarare: panga siku kwa upepo, si kwa kilomita

Watu wanaotaka kuanza safari ndefu za baiskeli huwa wanachagua nchi tambarare ya mashamba kwa sababu moja: haina milima. Ni chaguo zuri, na mimi mwenyewe naipenda kuliko njia nyingine zote. Ila ukijipangia kilomita 100 kwa siku kwa sababu tu barabara imenyooka, utateseka bure. Kule anayeamua siku yako itakuwaje ni upepo.

Hesabu yake iko wazi. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa na upepo wa kilomita 20 unakujia usoni, hewa inakugonga kwa kasi ya 40, na nguvu inayokurudisha nyuma inakuwa mara nne ya ile ya hewa iliyotulia. Hakuna miguu inayovumilia hilo kutwa nzima. Punguza kasi mapema, weka gia nyepesi, na uhesabu saa ulizokaa njiani badala ya umbali. Saa sita za kukanyaga dhidi ya upepo ni kazi kamili ya siku, hata kama zimekufikisha nusu ya ulikotarajia.

Mimi huondoka alfajiri, mara tu kunapokuwa na mwanga wa kutosha. Usiku ardhi inapoa, na hewa baridi iliyo chini inatulia, ikitengana na upepo unaopita juu yake. Jua likishapasha ardhi, hewa inaanza kupanda na kushuka, na ule upepo wa juu unafika chini. Ndiyo maana asubuhi shwari hugeuka kuwa mchana wa kupambana. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Usizimalize ukipanga mizigo. Funga kila kitu usiku.

Mkiwa wawili, pokezaneni mbele. Anayefuata kwa karibu anakingwa na mwenzake na anatumia nguvu pungufu kuliko aliye mbele. Upepo ukitoka kulia, mfuasi akae nyuma kidogo upande wa kushoto, ikiwa barabara haina magari. Shamba la mahindi yaliyokomaa au miwa nalo linakinga vizuri, lakini jiandae linapoishia, kwa sababu upepo unakurukia kwa mara moja. Vivyo hivyo lori likikupita: linakata upepo kwa sekunde chache, kisha unarudi na kukuyumbisha. Shika usukani kwa mikono yote miwili.

Jambo la pili ni mwili. Mlimani unapanda kwa taabu, halafu mteremko unakupumzisha: miguu inatulia, mgongo unanyooka, makalio yanainuka kwenye kiti. Tambarare haikupi nafasi hiyo. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Mkao ni uleule, misuli ni ileile, kuanzia asubuhi hadi jioni, na maumivu yanaletwa na kule kurudiarudia. Simama juu ya pedali kwa sekunde chache kila baada ya dakika kumi hivi, hata kama hakuna kinachouma. Badilisha unaposhika usukani. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi, ujue neva inayopita upande huo wa kiganja imebanwa, shughulikia hapohapo. Vaa kaptura yenye pedi bila nguo ya ndani, na uioshe kila jioni, kwa kuwa jasho na msuguano ndivyo vinavyozaa vidonda.

Akili nayo inachoka. Kihenge cha nafaka chenye urefu wa mita 30 kinaweza kuonekana ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita 20, kwa hiyo unakitazama zaidi ya saa nzima na hakisogei. Mimi huacha kuangalia mbali. Naangalia mazao: hapa yamepandwa wiki chache zilizopita, pale yanavunwa, huku mfereji umefunguliwa. Kilimo kimejaa mambo ya kusoma, na ukiyafuatilia saa zinakwenda.

Kuhusu maji nitasema kwa msisitizo: usinywe ya mfereji wa shamba. Kuyachemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi mabaki ya mbolea na dawa za wadudu, na vichujio vingi vya safari haviyaondoi yote. Omba maji ya kunywa kwenye makazi, na ujaze chupa zote hata kama moja bado imejaa. Ukiona dawa inapulizwa, ngoja upande ambako upepo unatokea hadi wamalize.

Matairi mapana yanafaa zaidi kuliko membamba. Ukipata pancha, papasa ndani ya tairi kwa kitambaa kabla ya kuweka tyubu nyingine, maana mwiba uliobaki utaitoboa tena. Mnyororo ufute vumbi kila jioni kabla ya kuupaka oili. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Mvua ikinyesha, bora uzunguke kwa lami hata kama ni mbali.

Wakati wa mavuno kaa mbali na trekta linalovuta zana pana. Dereva anaweza kukata kona kuingia shambani bila kukuona, kwa hiyo usilipite mpaka uwe na hakika amekuona.

Na radi isikukute barabarani. Kwenye tambarare wewe juu ya baiskeli unaweza kuwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ukiona mmweko, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni takriban kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, kamwe si chini ya mti uliosimama peke yake, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.