Nikirudi home nafoka tu

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina miaka 29, ni konda wa daladala hapa Dar, nikirudi usiku mke wangu akiuliza tu leo umepata ngapi nafoka, alafu baadae najiskia vibaya mpaka usingizi unakata. Nampenda sana. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi naona hiyo hata sio hasira. Ni hofu na aibu, hesabu ya tajiri mwenye gari haijatimia, swali la mkeo linagusa palepale panapouma, na sisi tumezoea kuita kila kitu hasira wakati Kiswahili kina uchungu, kinyongo, fedheha, wivu, upweke, kila kimoja na dawa yake.

Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani wakiongozwa na Matthew Lieberman waliwaonyesha watu picha za sura zenye hisia huku wanawapima ubongo, wakaona mtu akiitaja hisia kwa jina lake, amigdala, yaani ile sehemu inayoshtuka kwenye hatari, inapoa. Kutaja tu!

So ukifika usiingie ndani kwanza, kaa nje dakika tano, sikiliza mwili, taya limekaza? kifua kinabana? Jiulize hiki ni nini hasa. Alafu mwambie, "Mama watoto, leo hesabu imegoma, nina wasiwasi, ngoja nioge tutaongea." Na kwa zile siku ulizomfokea, muombe samahani leo leo, usisubiri weekend.