‘Manipulate’: tazama kwanza kinachoshikwa

Swali la wiki liliuliza kama kitenzi cha Kiingereza ‘manipulate’ ni sifa au ni tusi, na kama mtu anaweza kukiandika kwenye barua ya kuomba kazi. Jibu limo kwenye yambwa, yaani kitu au mtu anayetendwa. Kitenzi hiki ni elekezi, yaani hudai yambwa, na hicho kinachotendwa ndicho kinachoamua kama umesifu au umeshutumu.

Kikifuatwa na kifaa au kiungo cha mashine, kinasifu ustadi wa vidole. “The surgeon manipulated the needle with great care” haina doa lolote: daktari aliiongoza sindano kwa uangalifu. Chombo cha angani Columbia kiliporuka Novemba 1981 na ule mkono wa mashine uliotengenezwa Kanada, jina rasmi la mkono huo lilikuwa na neno ‘manipulator’ ndani yake. Walimu wa hesabu nao huita ‘manipulatives’ vile vijiti, kokoto na vizibo vya soda ambavyo mtoto hujifunzia kuhesabu kwa kuvishika. Maana hizi ndizo zilizo karibu na mzizi, kwani ‘manipulus’ ya Kilatini ni konzi, kiasi kinachojaa mkononi.

Kikifuatwa na mtu, mambo hugeuka. “She manipulated her brother” ni shutuma nzito. Inadai kwamba alimwendesha nduguye atakavyo, kwa faida yake mwenyewe, na ndugu huyo hakutambua kinachofanyika. Uficho huo ukikosekana, yaani mtu ameelezwa wazi na akaamua mwenyewe, kitenzi sahihi ni ‘persuade’ au ‘influence’. Kamusi nyingi hutupatia kurubuni, kuhadaa na kulaghai, na yote hukaribia. Lakini kulaghai kunataka uongo, ilhali ‘manipulate’ hakidai uongo hata kidogo. Mzazi anayemkumbusha mwanawe kila asubuhi jinsi alivyoteseka kumlea, ili tu kijana asikubali kazi ya mbali, huenda kila alichosema ni kweli tupu. Kiingereza bado kitatumia kitenzi hiki juu yake. Kwa Kiswahili ningesema anamchezea hisia, na hapo ndipo tunapokaribia zaidi.

Muundo wake unasumbua wengi. Baada ya mtu huja ‘into’ pamoja na kitenzi chenye -ing: “They manipulated the old man into signing the papers.” Sisi huelekea kuandika “manipulated him to sign”, kwa sababu kichwani tunasikia “ili asaini”. Shika ‘into’, kama ilivyo kwa ‘trick’ na ‘talk’: “talked him into selling”. Kivumishi ‘manipulative’ nacho, kikimwelezea mtu au tabia yake, ni kibaya siku zote; usimpe mtu ukidhani unamsifia werevu.

Panapochoma waandishi wa ripoti ni kwenye takwimu. Kwa watu wa kompyuta neno halina lawama: amri za hifadhidata INSERT, UPDATE na DELETE huwekwa katika kundi linaloitwa ‘data manipulation language’, na maana yake ni kuingiza, kubadili na kufuta tu. Maabara pia, ‘manipulated variable’ ni kile kigezo ambacho mtafiti hukibadilisha makusudi ili aone kitatokea nini. Ila mpe mkaguzi wa hesabu sentensi “we manipulated the figures” naye atasoma: tulipika hesabu. Katika fedha neno hili ni la kesi. Mwaka 2012 benki ya Barclays ilitozwa faini za jumla ya takriban pauni milioni 290 na mamlaka za Uingereza na Marekani, kwa kujaribu ‘to manipulate’ viwango vya LIBOR, yaani riba za benki kukopeshana zilizokuwa kipimo cha mikopo mingine. Kwa hiyo kama ulipanga safu, ukaondoa majibu yaliyojirudia na kupiga wastani, andika ‘cleaned’, ‘sorted’ au ‘analysed’. Kama ulirekebisha namba, andika ‘adjusted’ na utaje sababu palepale, katika sentensi hiyohiyo.

Wanaotafsiri fomu za hospitali wajihadhari na jambo moja. Katika tiba ya viungo, ‘manipulation’ ni msukumo mfupi wa kasi ambao mgonjwa hawezi kuuzuia. Mwendo wa polepole unaorudiwa huitwa ‘mobilisation’. Kuandika “kukanda” ni kosa, kwa sababu kukanda ni ‘massage’, na mgonjwa atatia saini akiwa hajui alichokubali.

Katika matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya pili: ma-NI-pyu-leit. Mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho hutupeleka kwenye “pyu”, na msikilizaji hukwama kidogo.

Basi kwenye barua ya kazi, “I can manipulate clients” itakunyima usaili. Wateja wakorofi ni ‘handle’ au ‘deal with’, wafanyakazi ni ‘manage’ au ‘supervise’, na winchi au mashine ya kushonea ni ‘operate’. Labda fundi wa vifaa vidogo sana, mathalani wa saa au wa meno bandia, ndiye pekee anayeweza kuandika “able to manipulate very small parts” na mwajiri akamwelewa vizuri.