UTI inayorudi rudi: kabla hujanunua dawa tena, mkojo uoteshwe

Nawaandikia hasa dada zangu wa huku Lamu na Malindi wenye hii shida ya UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, inayopona leo, mwezi ujao imerudi, manake mimi nimeishi nayo miaka na naijua ile hali, unakojoa moto, umetoka chooni hujafika hata sebuleni ushabanwa tena, ukirudi ni matone mawili matatu na chini ya kitovu kumekaza. Na kila ukilalamika utaambiwa ni vyoo vya stendi hivo.

Jamani vyoo vinasingiziwa. Bakteria anayeleta nyingi ya hizi UTI, kama robo tatu hivi au zaidi, anaitwa E. coli na anaishi kwenye utumbo wako mwenyewe. Anatoka njia ya haja kubwa anahamia njia ya mkojo, na sisi wanawake njia yetu ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu, na iko jirani kabisa na huko. Sasa hii hofu ya vyoo ndo inaleta madhara yenyewe. Mtu anatoka hapa Lamu na boti mpaka Mokowe ng'ambo ya bara, anapanda basi la Mombasa, hanywi maji tangu alfajiri ili asihangaike njiani, basi likisimama Witu hashuki, Garsen hashuki, anafika Malindi kibofu kimejaa na jua lote lile. Mkojo ukikaa muda mrefu bakteria wanapata nafasi ya kuzaana. Kojoa mamangu, choo kikiwa kichafu chutama, jisafishe, panda basi.

Alafu kujisafisha ni mbele kwenda nyuma, na wasichana wadogo wafunzwe hivo tangu wanapoanza kustanji wenyewe. Mambo ya kusafisha ndani kwa shabu au sabuni ya kunukia au dawa za kuua wadudu tuyaache, kule ndani kuna bakteria wazuri wanaotulinda na ukiwaua umewafungulia mlango hao wabaya. Udi fukiza nguo na nywele, inatosha.

Tendo la ndoa pia linasukuma bakteria kuelekea kwenye kibofu, ndo mana maharusi wengi wanaipata mara tu baada ya fungate. Nenda ukakojoe ukimaliza, haina gharama. Lakini naomba hili lieleweke vizuri, UTI ya kawaida si ugonjwa wa zinaa, haina maana mumeo katoka nje wala wewe umetoka, na mume hana haja ya kumeza dawa zako. Nimeona nyumba zikitikisika bure kwa jambo hili. Kama mnatumia kinga zenye dawa ya kuua mbegu, hizo kweli zinaongeza UTI, ongea na nesi akubadilishie.

Sasa kwenye matibabu, hapa ndo nina uchungu napo. Mimi kila nikienda kemisti nilikua napewa dawa zile zile, napata nafuu, inarudi. Hakuna aliyesema mkojo uoteshwe mpaka nilipokutana na daktari mmoja aliyeniuliza imerudi mara ngapi. Kitabibu ikikupata mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka basi hiyo ni ya kujirudia, na hapo kile kipimo cha kijiti cha kuangalia usaha hakitoshi. Kuoteshwa ni hivi, unajisafisha, unaacha mkojo wa kwanza uende, unakinga wa katikati kwenye chupa safi ya maabara, unaupeleka hapo hapo usikae na joto letu hili, na uwe hujaanza dawa. Wanauweka siku moja mbili bakteria aote, kisha wanamjaribia dawa moja moja. Karatasi yangu ilikuja na majina ya dawa yamepangwa na herufi pembeni, S maana yake dawa inamuweza, R haimuwezi. Amoxicillin R. Septrin R. Zote nilizokua nikimeza! Nitrofurantoin ikawa S, nikaandikiwa ya siku 5, niinywe pamoja na chakula, na nikaambiwa kabisa mkojo ukibadilika ukawa wa kahawia nisishtuke ni dawa hiyo. Yako inaweza kua tofauti, usikopi dawa yangu, omba karatasi yako.

Na si kila kuwashwa ni UTI. Kama unawashwa na uchafu mweupe mzito unatoka lakini mkojo wenyewe hauchomi, hiyo mara nyingi ni fangasi, na antibiotiki zinaizidisha. Ndugu zetu wa Tana Delta na vijiji vya bara ya Malindi, mtoto akikojoa damu hasa mwishoni mwa mkojo fikirieni kichocho, anakipata kwa kuoga na kucheza kwenye mito na mabwawa yenye konokono, dawa yake ni praziquantel na mkojo wa kupima upelekwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana wakati mayai yanatoka kwa wingi.

Bibi zetu waliokoma hedhi nao wasiambiwe ni uzee tu. Homoni zikishuka ngozi ya huko inakua kavu na nyembamba, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inasaidia sana, waulizeni madaktari. Mwenye UTI za kurudi apimwe sukari pia, na mawe ya figo. Mwanamume naye asinunue dawa dirishani, aende akaangaliwe, pengine ni tezi dume.

Maji ongezeni, lita moja na nusu zaidi ya mlivyozoea kwa wale wanaokunywa kidogo, na Ramadhani yagawanyeni kati ya futari na daku. Madafu ni mazuri ila hayaui E. coli.

Ukianza homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo ubavuni au kutapika, bakteria wameshapanda kwenye figo, hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mimba asingoje hata hizo dalili, mkojo ukichoma tu aende kliniki, na walio Pate au Faza wasiseme nitavuka kesho, watafute boti mchana kabla bahari haijachafuka.